Soma Kabla ya Kenol

Nyokabi mami,

Nimeiweka barua hii kwenye mfuko wa mbele wa begi lako, ule wa njugu, kwa sababu najua mkienda uwanja wa ndege hamtapita Karatina kabla hujatia mkono humo. Ukiipata usiiweke kando eti utaisoma ukifika. Isome kabla ya Kenol. Nimemwambia Kocha Gitonga asiendeshe hiyo pikapu yake kama anayekimbiza mwizi, na ikibidi asimame Sagana anywe chai ili umalize. Kwa nini Kenol, utaona mbele. Nikikuambia hapa juu utaruka katikati, na hapo katikati ndipo pana maneno yaliyonishinda kukuambia kwa mdomo.

Sasa hivi umeenda Karatina kumuaga cucu, bibi yako. Baba yako yuko nje anafunga baiskeli yako ndani ya katoni ya friji, anazungusha mpira mara hii na mara ile kana kwamba baiskeli itatoroka. Nimemwambia imetosha. Hasikii. Kila mtu katika nyumba hii leo ana kitu anachokifunga kuliko inavyohitajika.

Mambo ya sweta, ya dawa na ya kupiga simu Jumapili sikuandikii. Hayo nimekuimbia wiki nzima mpaka ukaziba masikio na zile waya zako za muziki. Hapa nataka kukuambia kwamba nina hasira, na kwamba hasira hiyo si ya kuondoka kwako. Watu wanaona nimenuna wanasema, "Ah, mama anaona uchungu wa mtoto." Uchungu ninao, sikatai. Lakini kilichonikaa kooni ni kingine, na kilianza tangu msimu wa mbio ulipoanza.

Unakumbuka Jumapili iliyopita kanisani, ulipoitwa mbele uombewe safari? Gitonga alichukua kipaza sauti, na wewe unajua mtu huyo akishika kipaza sauti chakula hupoa. Akasema, "Huyu msichana anaenda Rwanda kuendesha baiskeli na timu kubwa. Na mjue siri ni nini. Ni zamu! Mama yake ndiye alituletea hii maneno ya zamu, na sasa tumeona matunda." Watu wakanipigia makofi. Mama Njeri akanishika mkono. Nami nikatabasamu mpaka mashavu yakauma, na moyoni nilitamani sakafu ya kanisa ifunguke inimeze pamoja na kitambaa changu kipya. Ulinitazama ukadhani nina aibu ya kusifiwa. Mami, sikustahili hata kofi moja.

Basi acha niyapange tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu unayajua kutoka upande wako tu.

Mwaka wa kwanza wa timu mlikuwa wasichana wanne na roho nne. Wewe, Muthoni, Njeri, na Shiru wako, ambaye tangu darasa la nne alikula kwetu kuliko kwao. Kila mmoja alitaka kushinda kila mbio. Mlikimbizana wenyewe kwa wenyewe mpaka siku ile wewe na Muthoni mkaingia kwenye michongoma ya mtu na baiskeli zote mbili, na msichana wa Meru aliyekuwa nyuma yenu akapita akicheka. Nilikaa nawatoa miiba jioni nzima, huku mnalaumiana juu ya kichwa changu. Mama zenu nao wakaacha kusalimiana sokoni.

Ndipo nikatoa ile hekima yangu. Mkutano ulikuwa hapa kwenye kibanda changu cha kushona, mmekaa juu ya marobota ya sare za shule. Nikasema sisi kwenye chama chetu cha kuchangiana pesa tumekaa miaka mingi bila kugombana, kwa sababu kila mwanamke anajua zamu yake na hakuna anayenyakua ya mwenzake. Kwa nini timu isiwe hivyo? Kila mbio iwe na mwenyewe. Siku hiyo wengine watatu wamfanyie kazi: wamkinge upepo, wawafungie njia wapinzani, akipata pancha wampe gurudumu lao. Mbio inayofuata, mwingine.

Gitonga alikuna kichwa. "Ati zamu? Mama Nyokabi, hii ni mbio ama ni chama ya wamama?"

"Chama ya wamama haijawahi kuingia michongoma," nikamjibu, mkacheka, na shauri likapita.

Mkaokota vikaratasi kwenye sufuria yangu ya ugali. Muthoni akapata Kutus. Njeri akapata Nanyuki. Shiru akapata Kangari. Wewe ukapata Kenol, mbio ya mwisho. Niliuona uso wako. Kenol ni tambarare na jua lake linakaanga. Wewe ni msichana wa mlima, umekua ukisukuma baiskeli ya baba yako na gunia la majani ya ng'ombe kwenye mteremko wetu huu, na kila aliyewaona mkifanya mazoezi alijua Kangari, na kile kilima cha majani chai, ni chako. Lakini kikaratasi ni kikaratasi. Ulikikunja ukakitia mfukoni.

Na ikafanya kazi, ndiyo maana ninakasirika zaidi. Ingeharibika Kutus tungeitupa huko huko kwenye mifereji ya mpunga. Badala yake Muthoni alishinda, mmemzunguka kama malkia, mkarudi na mchele na nyimbo. Zile jezi nilizowashonea kwa kitambaa cha sare za shule, ambazo kila mtu alisema zinachemsha mwili, siku hiyo ghafla zikawa nzuri. Nikajiona nimemaliza elimu.

Huko Nanyuki, Njeri alikuwa wa pili, vumbi mpaka kwenye meno. Pikapu ya Gitonga ikagoma kurudi, tukabebwa na Mzee Adan, yule mwuza mifugo, kwenye lori lake la mbuzi. Wewe ulilala njia nzima juu ya nyasi, hukusikia tuliyozungumza pale mbele. Aliniuliza ni nani aliye na nguvu kuwapita wote. Nikasema ni huyu wangu, Nyokabi.

"Na leo ameshinda?"

"Leo haikuwa zamu yake."

Alicheka mpaka nikaogopa lori litaingia mtaroni. "Mama, mimi nauza mbuzi. Mnunuzi akija mnadani anataka kuona ile imenona. Sasa mimi nimwambie, pole, leo si zamu ya hiyo?"

Nikamwambia wasichana wangu si mbuzi. Nilidhani nimemweza. Nilipofika nyumbani nilimwambia baba yako kwamba yule mzee hana adabu. Baba yako akaendelea kunywa uji, na baada ya muda akasema, "Lakini kwa mbuzi anajua." Sikumsemesha mpaka kesho yake.

Halafu ikaja habari kwamba kuna mama wa timu ya Rwanda atakuwa Kangari kutazama wasichana. Gitonga aliitangaza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyebeba mayai. Na jioni ile ulikuja kibandani na cheni ya baiskeli mkononi, mafuta hadi kwenye kiwiko. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Nilikuwa nimezungukwa na sketi zisizo na pindo, na wazazi walikuwa wananipigia simu kana kwamba mimi ndiye wizara ya elimu.

"Mami," ukasema, "si kwa chama huwa mnabadilishana zamu?"

"Mtu akiwa na shida, ndiyo."

"Mimi niko na shida. Nataka Kangari. Nimpatie Shiru Kenol."

"Mwambie basi."

"Naona haya. Akikataa nitasikia vibaya, akikubali pia nitasikia vibaya, ataona ni kama namdai ile chakula yote amekula hapa. Si umuulize wewe? Wewe ndiye wa zamu."

Nikasema nitamuuliza. Ukaenda ukipiga mluzi.

Baada ya siku mbili ulirudi kuuliza, na nikakuambia, "Nimeongea na Shiru. Hataki."

Nyokabi, sikuwa nimeongea na Shiru. Sikumpigia simu, sikumtuma mtu, sikumwona hata kwa mbali. Nilisema hivyo nikiwa na pini mdomoni, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. Wewe ukasema, "Sawa," ukaenda kupaka cheni mafuta. Hukupiga mluzi.

Sasa unataka kujua ni kwa nini, nami kila nikijaribu kujibu nakuta majibu mawili, moja la heshima na moja la kweli. La heshima ni hili. Dada yako Wangari akiwa bado mgongoni, nilikuwa katika chama kingine, cha kwanza kabisa. Mwenyekiti wetu akabadilisha zamu yake kimyakimya ili imfae mwanawe. Ilipojulikana, wanawake waliolima pamoja na kuzalishana waliachana kama maji na mafuta ya taa. Wengine mpaka leo wanapita njia tofauti kwenda mtoni ili wasikutane. Niliapa kwamba mimi sitakuwa mama wa namna hiyo. Na kweli, katika chama chetu hiki nimewaruhusu wengi wabadilishane: aliyefiwa, aliyepoteza ng'ombe, aliyeharakisha harusi kwa sababu tumbo halingoji. Sijawahi kumkatalia mtu. Na mimi sijawahi kuomba hata mara moja. Nilijivunia hilo kuliko ninavyojivunia kushona.

Kwa hiyo uliponiomba nilisikia tayari sauti ya mama Shiru sokoni: "Si nilisema? Ni zamu mpaka ifike kwa mtoto wake." Nikaona jina langu linachafuka. Nikalilinda, na nikalilinda kwa miguu yako.

Jibu la kweli ni dogo na linaniudhi zaidi. Nilikuwa nimechoka, sketi zilikuwa zinaningoja, na nilitaka unyamaze. Ningesema "Hapana, siulizi," ungeniuliza mbona, tungebishana, na labda ungenishinda. "Shiru hataki" lilifunga mlango mara moja. Sikufikiria kwamba nyuma ya mlango huo kuna msichana mwingine amesimama hajui lolote.

Kangari sote tulikuwepo, lakini acha nikuambie nilivyoiona mimi. Nilisimama pale juu kwenye kituo cha kununulia majani chai, na Gitonga, na mbele yetu kidogo yule mama mgeni mwenye kofia ya manjano. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na murram, ile barabara ya udongo, ilikuwa inateleza. Mzunguko wa mwisho, wewe ukatokea kwenye kona ya chini peke yako. Peke yako! Hata yule wa Meru hakuonekana. Ulipanda kile kilima umesimama juu ya pedali, na wachuma chai wakaacha vikapu wakaanza kupiga vigelegele ambavyo hawajui ni vya nani. Nilisahau kila kitu. Nilisahau zamu. Nikasema kimoyomoyo, enda, mami, enda tu, nitajibu mimi.

Ukafika juu, mbele yetu kabisa, na ukaweka mguu chini.

Ulisimama hapo, umeshika breki, unapumua kama ng'ombe aliyekimbizwa, na hukumtazama mtu. Hukunitazama mimi. Ningeweza kupiga kelele. Nilikuwa karibu yako kiasi cha kukugusa. Gitonga alitikisa kichwa akisema, "Huyu msichana ana nidhamu, ai, ana nidhamu," nami sikufungua mdomo. Shiru akaja amejaa matope usoni, anahema, akakupita, akateremka kwenda mwisho wa mbio. Ukamfuata nyuma ukiwafungia wengine njia kama tulivyowafundisha. Alishinda chupa ya chai na mfuko wa mbolea. Mbolea mama yake aliitia kwenye nyanya.

Mami, hapo ndipo huwa sipati usingizi. Wewe uliweka mguu chini kwa ajili ya mtu uliyeamini amekunyima. Kama ungejua Shiru ni rafiki asiye na hatia, kumngoja kungekuwa rahisi. Lakini ulimngoja ukiwa na kinyongo, na bado ulimngoja. Mimi mama yako nisingeweza. Ningempita na ningemrushia tope.

Kisha ukaacha kuongea naye. Niliona. Alikuja hapa nyumbani mara mbili akakukuta "umelala" saa nane mchana. Alikaa na mimi akinisaidia kukata nyuzi, akitazama mlango wa chumba chako. Nilijua tungeweza kuumaliza mchezo huo kwa sentensi moja. Nikampa chai.

Na Kenol, siku yako. Jua lilikuwa kama nilivyosema litakuwa. Muthoni na Njeri walichoka mapema, akabaki Shiru wa kukufanyia kazi, naye alikuwa tayari. Nilimwona akija mbele yako akuvunjie upepo, anakupungia mkono uingie nyuma ya gurudumu lake. Ukatoka ukaenda upande wa pili wa barabara. Akaja tena. Ukatoka tena. Alikunyooshea chupa ya maji ukaitazama ikaanguka. Watu wa Kenol walicheka, walidhani mmekosana kwa sababu ya mvulana. Uliendesha peke yako dhidi ya upepo mpaka miguu ikakwisha, na wasichana wakakupita mmoja baada ya mwingine, na zamu yako ya pekee ikaishia hivyo kwenye vumbi.

Shiru alinifuata nyuma ya pikapu akilia. "Mama Nyokabi, kwani nilimfanyia nini? Aniambie tu. Ama ni ile ya Kangari? Lakini si ilikuwa zamu yangu?"

Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Wacha, atapoa." Kama vile wewe ni chai. Akabaki huko huko Kenol kwa shangazi yake, kwenye duka la tairi, na mpaka leo hajarudi kwenye timu.

Nikadhani mambo yameishia hapo, nimeharibu na nitaishi nayo. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Kumbe hata kuharibu sikuachiwa niharibu vizuri. Simu ikaja kutoka Rwanda. Yule mama mwenye kofia ya manjano hakumtaka mshindi. Alimuuliza Gitonga, "Yule aliyesimama juu ya kilima ni nani?" Wana mbio za siku nyingi, waendeshaji wao wakubwa huenda wawili wawili, na nyuma yao kuna wengine wa kuwabebea vifaa, kuwakinga upepo, na kuwapa gurudumu wakipata pancha. Wanataka mtu mwenye nguvu za kushinda ambaye hatashinda.

Nilipiga kelele siku hiyo, majirani wanajua. Nikauliza kama nilizaa punda. Ukanijibu kwa upole ule wako unaoniudhi, "Mami, kila timu iko na mtu wa hiyo kazi. Mimi naijua. Si wewe ulinifunza?"

Ulisema bila ubaya wowote, na ndiyo maana iliniingia.

Kwa hiyo sasa watu wote wa hapa, kutoka kanisani mpaka sokoni, wanaamini kwamba niliona mbali. Uongo wangu umezaa tikiti ya ndege. Ningekuwa mtu wa kujifariji ningesema Mungu hugeuza mabaya kuwa mema na ningekula sifa zangu taratibu. Nimejaribu. Hazishuki. Kila nikikuona unakunja nguo naona ule mguu unaukanyaga udongo mwekundu wa Kangari, na najiuliza kama unaenda huko kwa sababu unataka, au kwa sababu nilikuzoesha kwamba mlima wako siku zote ni zamu ya mtu mwingine. Sijui jibu. Pengine wewe unalijua na ni mimi tu ninayeteseka bure. Pengine kweli ni kazi nzuri, ya kuheshimika, na mimi ni fundi sare asiyejua baiskeli. Lakini ikitokea siku moja uko huko, na kilima kiko mbele, na nguvu unazo, na mtu akakuambia kwamba fulani hataki, fulani amekataa, nakuomba kitu kimoja: nenda kwa huyo fulani umuulize mwenyewe. Usinitume mimi wala mwingine yeyote, hata awe anakupenda namna gani. Na haya ya kusikia "hapana" kwa masikio yako mwenyewe haiumi kama hii niliyokupa mimi. Nimeipima.

Jana ulipokuwa mazoezini nilikaa nyuma ya kibanda nikampigia Shiru. Nilimwambia yote, kama nilivyokuandikia hapa, bila lile jibu la heshima. Nilisikia malori ya Kenol yakipiga honi nyuma yake.

"Mama Nyokabi," akasema, "si ungeniuliza tu? Ningempatia. Hiyo mlima ya Kangari mimi sikuwa hata naitaka, nilikuwa naiogopa. Usiku kabla ya mbio sikulala. Nilikuwa nataka kumwomba yeye tubadilishane, nikaona haya."

Soma hapo tena, mami. Mlikuwa wawili, kila mmoja anataka kile mwenzake anataka kumpa, na katikati nimekaa mimi na pini mdomoni.

Nililia, si kidogo. Shiru, ambaye ndiye aliyekosewa, akaanza kunituliza mimi. Kisha akauliza, "Na yeye anajua?"

Nikasema, "Bado."

"Basi mwambie wewe. Mimi sitamwambia, atadhani nimetunga."

Ndiyo hii nimekuambia. Ningekuambia uso kwa uso, lakini kila nilipofungua mdomo wiki hii kilichotoka ni habari ya sweta. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imetoka hapa kwetu Nyeri imefika Kenol, na hapo imekwisha.

Dada yako alibeba jina la upande wa baba yako, wewe ukabeba la mama yangu, na tangu nilipokushika mara ya kwanza nakuita mami. Mama yangu nilipokosea alinichapa kwanza, halafu akanipakulia chakula bila kusema neno. Nawe una haki hiyo kwangu. Nichape kwa kadiri utakavyoona inafaa, hata kama ni kwa kunyamaza Jumapili kadhaa. Ila baadaye unipakulie, tafadhali, kwa sababu nyumba hii bila sauti yako nitaiweza vipi, na baba yako ukimwondolea baiskeli za kurekebisha atabaki kufunga katoni tupu.

Sikia sasa, mko karibu. Duka la shangazi yake Shiru liko mkono wa kushoto mkitoka huku kwetu, lina tairi kuukuu zilizopangwa mbele na kupakwa rangi nyeupe. Gitonga nimemwonyesha, amesema anapajua, lakini wewe pia angalia. Nilimwambia Shiru kwamba mtapita hapo na pengine mtachelewa, anamjua Gitonga na pikapu yake.

Akasema, "Wacha wachelewe. Mimi nitangoja."

Ukimwona, usisubiri gari lizimwe. Fungua mlango uweke mguu chini.

Ni mimi,
mama yako.